Wifi wa Maji ya Pili

Kiangazi hiki nimekwenda kuomba maji kwa wifi yangu. Nasema nimekwenda, maana wapo watu hapa Gendabi watakaokuambia kwamba nilikuwa napita tu njia ile. Sikuwa napita. Nilifunga kitenge kizuri, nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda kuomba. Pampu ya kisima cha kijiji ilikuwa imekufa, na maji yaliyobaki ni yale ya bondeni, ya chumvi, ambayo ukimnywesha ng'ombe mwenye mimba anaharisha mpaka anabaki mbavu. Nami nina ng'ombe mmoja tu, Madoa. Mimba yake ilikuwa imeshuka, kiwele kimejaa, wakati wowote anazaa. Akianguka Madoa, nimeanguka mimi. Maziwa yake ndiyo chai yangu, ndiyo sabuni yangu, na ndiyo sababu wake za wanangu wananiamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika.

Maji matamu yalikuwa mahali pamoja tu: ndani ya tangi jeusi la wifi, koki imefungwa kufuli.

Sasa kabla sijakuambia alinijibu nini, mjue kwanza. Ukimjua utaelewa kwa nini ile njia fupi niliitembea kama mtu anayepanda Mlima Hanang na gunia la mahindi kichwani.

Ni dada wa marehemu mume wangu, mkubwa kwake. Kwa hiyo namwamkia. Kwa desturi zetu wifi ni mume mwenye gauni: akikaa kwenye kigoda chako humwondoi, akionja mboga yako akakunja uso unanyamaza. Miaka mingi alipika kwenye shule ya bweni kule Mbulu, akachoka, akarudi huku chini na sanduku, sufuria na tabia. Sanduku limeliwa na mchwa. Sufuria imetoboka, ameifanya chungu cha kuoteshea vitunguu. Tabia bado nzima.

Watu husema mtu bahili ana mkono wa birika. Mimi nakataa, birika linaonewa. Birika likiinama linamwaga. Huyu hata akiinama hamwagi.

Kwake maji hayaitwi maji hivi hivi. Yana vyeo kama polisi. Maji ya kwanza ni ya kunywa na kupikia. Yakishaosha mchele au mboga yanashuka cheo, yanaitwa maji ya pili, na hayo ni ya kuoshea vyombo na kunawa mikono. Yakishaosha vyombo ni maji ya tatu: yanapiga deki, yanalowesha udongo wa kuziba nyufa za jiko, na mwisho kabisa yanamwagiwa shina la boga. Ukilila boga la wifi umekula ukoko wa watu wote waliowahi kupita nyumbani kwake.

Nilipokwenda kumkaribisha, ile aliporudi kutoka Mbulu, aliniletea beseni ninawe. Nikachovya mikono, nikaona punje ya mchele inaelea.

"Wifi, haya maji yametoka wapi?"

"Kwenye mchele. Mchele ni mchafu?"

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa maji ya pili?"

"Mikono yako ndiyo ya maji ya pili," akasema. "Wewe mwenyewe kaa, tunywe chai."

Nilikunywa ile chai kama dawa. Nimetokea Mbulu juu mimi, kule maji yanashuka yenyewe kutoka msituni, unayasikia usingizini yakiongea. Sikuzaliwa kunawa mabaki ya wali. Nikarudi nikamwambia mume wangu, dada yako amenitukana. Akacheka mpaka akakohoa. "Hata mimi amenipa ya pili," akasema. "Ila mimi nilinyamaza."

Hana mtu anayemwogopa katika hili, hilo nalijua. Paroko alipotembelea jumuiya yetu, zamu ya kukaribisha ilikuwa kwa wifi. Tulikuwa tumepanga mwenzetu mmoja ashike jagi, kama kawaida, mgeni anawe huku maji yakianguka chini kwa heshima. Wifi akakataa. Akampeleka padri mpaka kwenye kibuyu chirizi, lile dumu dogo lililoning'inizwa kwenye miti miwili, lenye kamba ya kukanyaga ili liiname na kuchirizisha uzi wa maji. Mtu wa Mungu na kanzu yake nyeupe, anakanyaga kamba kama anayejifunza baiskeli. Chini kulikuwa na karai la kukingia.

"Baba, sogea mbele kidogo," wifi akamwambia, "tone linaanguka nje."

Padri akasogea. Akamaliza, akampa karai, akauliza, "Na haya, mama?"

"Haya yanakwenda kwa mbuzi, Baba."

Basi tukasimama kwa sala ya chakula huku mbuzi anakunywa, slup, slup, nyuma ya ukuta. Niliangalia chini kwa aibu. Padri kwenye mahubiri ya Jumapili akasema amefundishwa kitu Gendabi. Wifi alikaa benchi la mbele, shingo imesimama kama ya jogoo aliyeona punje.

Ana misemo yake, ambayo hakuna aliyemwomba. "Hakuna takataka, kuna mvivu." Hiyo anamwambia mtu yeyote anayemkuta na ganda la ndizi mkononi. "Tone likianguka halina mama." Hiyo ni kwa watoto wanaocheza kisimani. Na kuna nyingine aliyoisema bila kukusudia, ikashika kijiji kizima.

Ilikuwa mkutano wa kina mama wa jumuiya. Wifi akasimama, maana hajui kukaa, akaanza: "Mama zangu, mimi nasema neno moja tu. Tupunguze taka."

Mama Gidamis alikuwepo. Huyo ni jirani yetu, wa wafugaji wa upande wa Hirbadaw, mabangili ya shaba mpaka kwenye kiwiko. Kusali hasali sana, anakuja kutuangalia tunavyosali. Kiswahili kimempata ukubwani kama kilivyotupata sisi wengi. Akainua mkono.

"Tupunguze kutaka?"

"Taka."

"Ndiyo, kutaka. Kutaka nini? Mume?" Akageuka kututazama. "Mimi wangu ana wake wengine, nilishapunguzwa zamani."

Tulicheka mpaka watoto wakalia. Mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Nikamtazama wifi, nikasema leo ameshikwa, leo atakaa chini. Hakutikisika hata nyusi.

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Ukitaka kidogo utatupa kidogo. Endelea kupunguza."

Tangu hapo, Gendabi hii, mtu akikuona unamwaga makombo anakuambia, "Mama, punguza kutaka." Wasichana wanaambiana wakitoka mnadani Katesh na viatu vipya, "Punguza kutaka!" Wanadhani ni utani. Wifi anadhani ni mafundisho. Mimi nasema mtu asiyetaka kitu ni jiwe. Jiwe nalo halitupi takataka, lakini nani amewahi kwenda kulisalimia?

Usafi wa mazingira, ndivyo anavyouita. Mimi nakuambia ni uchoyo uliobatizwa. Mama yangu naye alisugua vyungu kwa majivu, naye alichoma magunzi badala ya kukata mti, naye alipeleka maganda kwa ng'ombe. Lakini mama yangu hakukusimamia kichwani ukiyafanya. Alifanya, akaendelea na habari nyingine. Huyu kila akikunja gunia anataka apigiwe vigelegele.

Chukua mambo ya rambo, ile mifuko ya plastiki. Zamani kabla serikali haijazipiga marufuku, kila kitu dukani kilifungwa kwenye rambo, na upepo wa hapa kwetu ukizishika unazitundika kwenye miiba kama nguo. Wifi alikuwa anazikusanya. Anapita shambani kwa watu, anachomoa rambo kwenye mwiba, anaiosha kwa maji ya tatu, anaianika kwenye uzio wake. Bluu, nyeusi, nyekundu. Ukiwa mbali unadhani kuna harusi. Marufuku ilipokuja, mtendaji wa kijiji akafika, akauona ule uzio, akashika kiuno.

"Mama, hii mifuko hairuhusiwi kutumika."

"Situmii. Nimeifunga jela."

"Itabidi niichukue."

"Chukua. Utaipeleka wapi?"

Mtendaji akafikiri. Utaipeleka wapi kweli? Utaichoma, utaifukia, au utaitupa bondeni. Akakuna kichwa, akaaga. Wifi akakata zile rambo vipande virefu, akazisokota kamba, kamba nzuri kabisa, nisiseme uongo. Akafungia mbuzi. Mbuzi akaila kamba.

Mbuzi alivimba, akalia, akafa. Nilikwenda kumpa pole, na moyoni nilikuwa nimevaa nguo za sikukuu. Nikasema sasa ataona. Nikamkuta anachuna ngozi. Mwisho wake nyama watu wameila, supu wameinywa, ngozi imekuwa mkeka wa kukalia, pembe amezifanya vishikio vya visu, na ile kamba aliyoitoa tumboni ameiosha. Ndiyo, ameiosha! Ipo mpaka leo, imefunga mlango wa choo. Msiba wa mbuzi umepita na hakuna kilichotupwa isipokuwa ule mlio.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo sijamsamehe.

Mume wangu alipofariki, watu walikuja kutoka Mbulu, kutoka Katesh, kutoka huko kote. Kufiwa na mume kunafanya kichwa kiwe kama kibuyu kitupu, unasikia upepo tu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kina mama, nalia, na kila nikiinua macho namwona dada wa marehemu. Hajakaa kwenye mkeka. Amesimama penye maji ya kunawia, na kopo mkononi. Kila anayetoka makaburini anamiminiwa kopo moja. Mzee mmoja akaomba aongezewe, mikono ilikuwa na udongo wa kaburi. Udongo wa kaburi la ndugu yake! Akamwambia, "Baba, futa kwanza kwenye majani, halafu uje."

Chakula kilipoliwa akatoka na gunia, akapita katikati ya waombolezaji anaokota chupa za soda na za maji. Kra, kra, kra. Mchungaji wa upande wa pili, maana ukoo wetu una madhehebu yote, alikuwa bado anasema maneno ya faraja, na ile kra inamjibu.

Na hakulia. Nilimwangalia siku zote za matanga, nikimvizia kama paka. Hata machozi aliyabana.

Nilimwambia siku ya kuanua matanga, mbele ya watu wa ukoo: "Wifi, ndugu yako amekwenda na hata tone hukumpa."

Akaniangalia. "Watu walikuwa wengi kuliko maji, Mama Boay. Wageni wangerudi na mikono ya makaburini wakasema kwake hapakuwa na maji ya kunawa. Ungetaka waseme hivyo juu yake?"

Basi, ana jibu. Kila mara ana jibu. Hicho ndicho kinachochosha kwa mtu wa namna hii. Mchoyo wa kawaida ukimkamata anaona haya, anakuchekea, anakupa kiazi. Huyu ukimkamata anakufundisha.

Usidhani hana doa. Njoo Jumamosi jioni, simama kwenye uzio wangu, utaona kitu. Ana kitambaa cheupe cha kichwa cha kanisani. Kile kitambaa anakifua kwa maji ya kwanza. Anakisuuza, anamwaga kwenye beseni la pili, anakisuuza tena kwa maji mapya, halafu tena kwa maji yenye bluu, anakiinua juani anakiangalia kama mama anayeangalia meno ya mtoto. Mtu anayempa padri uzi wa maji! Nilimuuliza wakati mmoja, nikiwa nimeegemea mti wa uzio, "Wifi, kitambaa kimetenda dhambi gani?" Akasema, "Kimeona kichwa chako jumuiyani." Na maji yote yale, ya kwanza ya kitambaa, yakaenda kufua vitenge, na ya vitenge yakaenda chooni. Lakini nilimwona. Kuna kitu anakitaka, huyu wa kupunguza kutaka. Anataka kung'aa.

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba wanamwiga. Wake za wanangu wote wamefunga vibuyu chirizi. Shule imefunga mstari mzima. Ukipita Gendabi sasa hivi utaona gata kwenye paa la nyumba ambayo hata mlango haina, na pipa chini yake limekinga. Hata mimi ninacho kibuyu chirizi, lakini changu nilikifunga kwa sababu wajukuu walikuwa wanavunja majagi. Mvua ya kwanza ikinyesha, sisi watu wa zamani tulikuwa tunakimbilia ndani. Sasa watu wanakimbilia nje na mabeseni, wamelowa kama kuku, na katikati yao yupo yeye, anageuza bomba la gata lake kwa mguu ili maji ya kuosha paa yasiingie tangini, anapiga kelele, "Bado! Bado! Acheni bati lioge kwanza!" Kama ndiye aliyeileta mvua.

Haya. Huyo ndiye niliyemwendea kiangazi hiki.

Nilimkuta amekaa kivulini mwa jiko lake, anachambua maharage. Amezeeka. Magoti yamevimba, anainuka kwa kushika ukuta.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Umevaa viatu. Kuna nini?"

Nikaanza mbali, habari za watoto, habari za upepo. Akanikata. "Madoa amefikia wapi?"

"Kiwele kimejaa. Anakunywa yale ya chumvi, anaharisha. Nimekuja kuomba."

Lile neno lilitoka kama jino. Yeye akaendelea kuchambua. Harage bovu huku, harage zima huku.

"Sikupi maji ubebe," akasema.

Nikasimama. Nilikuwa nimeshageuka. Nilikuwa nina maneno ya kumwambia ambayo nimeyatunza tangu matanga.

"Kaa chini, sijamaliza. Ndoo ikibebwa kichwani inamwaga. Punda akibeba, madumu yanavuja. Toka hapa mpaka kwako nitakuwa nimenywesha njia. Mlete ng'ombe anywe hapa kwenye koki."

"Aje na kurudi kila siku na mimba ile?"

"Asirudi. Alale hapa mpaka azae."

"Na samadi yake?"

"Inabaki. Atakunywa maji yangu aende kunya kwako?"

Hapo lazima nikueleze kitu, kama hutoki huku kwetu. Kwetu ng'ombe wa mtu akilala kwenye boma la mwingine, watu hawaulizi kama alikuwa na kiu. Wanauliza: umemwekea? Kumwekea mtu ng'ombe ni jambo kubwa. Tunafanya sisi wakulima na wanafanya akina Mama Gidamis, pengine kuliko sisi. Mwenye ng'ombe wengi anaweka mmoja kwa ndugu au rafiki asiye na kitu. Aliyewekewa anamlisha, anamkamua, maziwa anakunywa na samadi anaweka shambani. Mwenye ng'ombe anabaki na jina lake na heshima. Na ukishatamka mbele ya watu kwamba umeweka, huwezi kumrudisha kesho yake kama mtu aliyeazimisha sufuria. Watakucheka mpaka wajukuu wako watahama.

Kwa hiyo kumpeleka Madoa kwa wifi ilikuwa ama nionekane tajiri mjinga aliyeweka ng'ombe wake wa pekee, ama nionekane ombaomba. Nilirudi nyumbani, nikamtazama Madoa. Amesimama, miguu ya nyuma imechafuka, macho yameingia ndani. Nikamfunga kamba asubuhi kabla watu hawajatoka kwenda shamba. Lakini Gendabi kuna watu ambao hawalali ili wakuone.

Alimnywesha, sikatai. Kila asubuhi na kila jioni. Nami nilikuwa nakwenda na majani kichwani kumlisha, namkuta wifi amekaa karibu na ndoo anamwangalia Madoa anavyokunywa, kama anayemhesabia mafunda. Ng'ombe akiinua mdomo na maji yanachuruzika, wifi anasogeza karai chini ya kidevu. Kidevu cha ng'ombe! Nikasema moyoni, huyu hata Nuhu angemshusha safinani.

Baada ya siku chache kuharisha kukakoma.

Alizaa mchana, jua limesimama. Uchungu ulimkamata karibu na tangi, akalala, akainuka, akalala. Miguu ya ndama ilitoka, kichwa kikagoma. Mimi nilivuta, wifi na magoti yake mabovu alishika mkia na kumwambia maneno ya kwetu, polepole, yale anayoambiwa mwanamke. Mama Gidamis alisikia mlio akaja anakimbia na mabangili yake, akaingiza mkono bila kuuliza, akageuza, ndama akateleza nje mzima. Jike. Na madoa kama ya mama yake.

Wifi akachota ndoo nzima ya maji ya kwanza akaiweka mbele ya mzazi. Madoa akainuka kwa pupa, akaipiga teke. Ndoo ikalala, maji yote yakaenda.

Mimi nilimtazama wifi usoni, nasema kweli, nilifurahi kuwepo. Alisimama anaitazama ile ardhi inavyokunywa. Midomo inacheza. Halafu akainama, akakusanya ule udongo uliolowa kwa mikono miwili, akauchukua mpaka kwenye ukuta wa jiko akauzibia ufa, pa, pa, pa, kwa kiganja. Akarudi akiwa na matope mpaka kwenye viwiko. Akafungua kufuli. Akajaza ndoo nyingine mpaka juu, akaishikilia mwenyewe kwa mikono yote miwili mpaka ng'ombe alipomaliza.

Wakati huo kina mama walikuwa wameshajaa kwenye uzio. Habari ya ndama jike haihitaji simu. Wakapiga vigelegele, wakaingia, wakamshika ndama masikio. Mama Gidamis alikuwa anajifuta mkono kwa majani. Akaniangalia mimi, akamwangalia ng'ombe, akaangalia zizi jipya la miti ambalo wifi alikuwa amemtengenezea, na samadi iliyolundikwa vizuri pembeni. Akauliza kile ambacho wote walikuja kuuliza.

"Mama Boay, umemwekea wifi yako ng'ombe?"

Ningesema hapana, ningelazimika kusema ndiyo kwa lile lingine: kwamba nilikuja hapa na viatu vya kanisani nikaomba maji kwa mwanamke ninayemsema kila siku kisimani. Na wote waliokuwa pale wamenisikia nikimsema.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemwekea. Mtu mzima, anaishi peke yake, hana hata tone la maziwa ya kuweka kwenye chai. Nikaona haifai."

"Eee!" kina mama wakasema. "Hilo ni jambo la utu. Mama Boay, Mungu akuongeze."

Wifi alikuwa amechuchumaa anamkausha ndama kwa gunia. Mkono wake ukasimama. Nikangoja. Angeweza kunivua nguo pale pale kwa neno moja, na hakuna mtu Gendabi angemlaumu. Nilikuwa nimeshaandaa hasira yangu, nimeikamata vizuri. Akainua uso, akanitazama sana.

"Asante sana wifi," akasema, kwa sauti kubwa ili hata wa nyuma wasikie. "Umenitoa mbali."

Akarudi kumkausha ndama. Kina mama wakaendelea kunisifu, mmoja akanishika bega, na mimi nikasimama pale nikisifiwa huku nikimtazama Madoa anamlamba mtoto wake kwenye zizi ambalo si langu. Nikaokota kamba yangu, nikaiacha tena chini. Kamba ya nini?

Nilipofika kwenye uzio akaniita, mbele yao wote, kwa upole kabisa.

"Wifi! Kesho ukija kuomba maziwa, njoo na chombo chako. Vyangu vina kazi."